Kaka anataka tuuze nyumba ya Sinza, mimi macho yako Kigamboni

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa saloni, mteja yuko kwenye draya, kwa hiyo nisamehe nikirukaruka.

Baba yetu alipata kiwanja Sinza mwaka 1979, enzi za ule mradi wa Benki ya Dunia, akajenga polepole kwa mkopo wa Benki ya Nyumba. Alifariki 2019, mama alikuwa amemtangulia. Tumebaki wanne: kaka mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, dada yuko Mwanza, mimi, na mdogo wetu wa kiume yuko Arusha. Nyumba kubwa tunakaa mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Uani kuna vyumba vinne vya wapangaji, kila kimoja 80,000 kwa mwezi. Hizo nazikusanya mimi, zinasaidia ada. Mbele, ubavuni mwa geti, tulitoa fremu moja, ndiyo saloni yangu. Mwezi mzuri nabaki na laki tisa, mwezi mbaya laki tano.

Mwezi wa nne kaka alikuja na dalali. Kuna mtu anatoa milioni 260, anataka kubomoa ajenge apatimenti. Kaka anasema tukigawana ni milioni 65 kila mtu, nikatafute pangu. Dada amekubali. Mdogo anasema lolote sawa. Mimi nililia siku mbili, siku ya tatu nikaanza kutafuta nyumba kwenye simu.

Nikaona pagale Kibada, Kigamboni. Kiwanja mita za mraba 600, vyumba vitatu kimoja masta, limefika kwenye linta, wanataka milioni 48. Dalali wa huko alinitumia picha ya hati kwa WhatsApp. Tulikwenda Jumapili na mume wangu, tukapita darajani, dakika hamsini tu kutoka nyumbani. Mume wangu anaota kuhamia pale. Yeye kazi yake iko Kurasini, kwenye yadi ya makontena, na huku Sinza anaamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu. Akiwa Kibada ni kuvuka daraja tu.

Dalali wa Kigamboni anasema Sinza imeshajaa, haipandi tena, lakini ng'ambo bei inapanda kila mwaka. Wapangaji wangu wa uani wanacheka, wanasema Sinza ni Sinza, huko nitakwenda kusuka mikoko. Nimechanganyikiwa. Shangazi, nichukue milioni 65 zangu nikavuke maji, au nikaze tusiuze? Na kaka ameanza kununa, anasema mimi nakula urithi wa wenzangu. Neno hilo limeniuma kwa sababu baba nilimuuguza mimi hadi mwisho.

Mama Wawili, Sinza Kijiweni

*

Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Mteja wako ameshatoka kwenye draya, kwa hiyo kaa chini kidogo.

Tuanze na hiyo milioni 65, maana haipo. Ni 260 kugawa kwa nne, na hivyo ndivyo dalali anavyogawa. Dalali mwenyewe akichukua asilimia 5 ni milioni 13. TRA wana kodi yao kwenye faida ya kuuza ardhi na nyumba, asilimia 10 ya faida. Mpaka wakokotoe hamtajua kamili, lakini tuchukulie hali mbaya kabisa, milioni 26. Zinabaki 221. Gawa kwa nne: 55 na chenji. Hapo sijagusa wakili wala safari za mahakamani.

Sasa lile pagale. Milioni 48 ni za kuta tu. Kutoka linta kwenda juu kuna mbao, bati, dari, plasta, madirisha na grili, nyaya, mabomba, shimo la choo, vigae, rangi, geti. Muulize fundi yeyote aliyemaliza nyumba ya vyumba vitatu hivi karibuni, atakwambia kuta ndiyo sehemu ya bei rahisi. Wewe utakuwa umebaki na milioni 7. Milioni 7 hazifiki hata kwenye dari. Ndiyo maana Kigamboni imejaa mapagale yanayouzwa: aliyelianza naye alikuwa na hesabu kama yako. Na kama unafikiria mkopo wa nyumba benki, riba zake kwa miaka mingi zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Kwa mapato ya saloni yanayopanda na kushuka, sikushauri.

Umeniuliza kati ya Sinza na Kigamboni wapi pana soko zuri. Ngoja nikueleze ninavyoyaona masoko haya mawili, kwa sababu dalali wa Kigamboni na wapangaji wako wote wamekwambia nusu ya ukweli.

Sinza ilizaliwa kwenye mchoro. Miaka ya 1970 serikali kwa fedha za Benki ya Dunia ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kuweka maji, watu wakapewa wajenge wenyewe. Viwanja vidogo, lakini vina namba na vina njia. Wakati Manzese hapo jirani inafumuliwa na kurekebishwa watu wakiwa ndani, ninyi mlishapimiwa. Halafu jiji likawafuata: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi viko pua na mdomo, Mlimani City ikafunguliwa mwaka 2006, stendi ya Simu 2000 ikaja mlangoni, Shekilango ikapanuliwa, Mto Ng'ombe uliokuwa unawafuata watu vitandani ukajengewa kuta za zege. Mwendokasi wa awamu ya nne umepangiwa kupita Sam Nujoma. Hivyo vyote vimo ndani ya ile 260. Nyumba ya baba haimo. Mnunuzi amesema wazi atabomoa, maana yake kwake kuta za marehemu ni gharama ya kusomba kifusi.

Hebu tuipime nyumba kwa kodi ya pango. Vyumba vya uani ni 320,000. Nyumba kubwa, kama ingepangishwa kwa mtu baki, tuseme 450,000. Fremu yako, kwa kuwa iko ndani ya mtaa na si barabarani, 200,000. Jumla 970,000 kwa mwezi, milioni 11.64 kwa mwaka. Ukilinganisha na 260 ni kama asilimia 4 na nusu. Hati fungani za serikali za muda mrefu, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na hazina mpangaji anayekimbia usiku na deni la LUKU. Kwa hiyo dalali anayesema Sinza imejaa anakosea: kiwanja chenu ni ghali kwa sababu kinaweza kubeba ghorofa. Na wapangaji wako wanaosema Sinza ni Sinza wanakosea vilevile, maana ninyi ghorofa hamna. Mnakalia dhahabu na mnaitumia kama kigoda.

Ng'ambo ni habari nyingine. Kibada nayo imepimwa, ilikuwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na Kisota na Gezaulole. Hilo ni jambo zuri sana na ndiyo sababu sikukatazi kwenda. Lakini kumbuka Kigamboni ilivyochezewa. Mwaka 2008 ikatangazwa kuwa utajengwa mji mpya, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, wengine wakakaa miaka hawawezi hata kuongeza chumba cha mtoto, wakisubiri fidia. Baadaye mradi ukapunguzwa, na wakala uliokuwa unausimamia ukavunjwa. Aprili 2016 daraja likafunguliwa, na dalali anayeimba kwamba bei inapanda anauimba huo wimbo hadi leo.

Mimi niliwahi kupanga Tungi kabla ya daraja. Nyumba yangu ilikuwa na uwanja wa kuchezea watoto, mwembe, upepo wa bahari usio na bili. Kodi ilikuwa nusu ya niliyokuwa nalipa Magomeni, nikajiona mjanja. Miezi mitatu baadaye nilikuwa najua sura za watu wote wanaolala wamesimama kwenye pantoni. Ile nusu niliyookoa nilikuwa naitoa kwa saa: kupanga foleni feri, kusubiri pantoni ya pili kwa sababu ya kwanza imejaa, kurudi nyumbani mtoto ameshalala. Hata kelele ile ya mwaka 2012, nauli ya mtembea kwa miguu ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200, sisi tuliokuwa tunavuka kila siku tulijua 200 ni kitu kidogo kwenye bei ya kukaa ng'ambo.

Daraja limepunguza shida hiyo, na kwa mtu wa Kurasini kama mume wako limeifuta, maana linatua Kurasini kwenyewe. Yeye haoti mwanangu. Kwake yeye Kibada ni karibu kuliko Sinza, na mtu anayeamka saa kumi alfajiri miaka yote hiyo anastahili kusikilizwa. Lakini ile dakika hamsini yenu ilikuwa ya Jumapili. Jumatatu saa moja asubuhi, kutoka Kibada hadi Sinza, ukiwa na watoto wawili wenye sare, na baadaye urudi, hiyo ni safari nyingine, na nauli za watu watatu. Shule zipo Kigamboni, watoto watahama. Wateja wako je? Anayekuja kusukwa kutoka Mwenge hatavuka daraja kukufuata.

Hapa ndipo tofauti ya bei ya maeneo haya mawili inapojificha. Nyumba nzima Kibada unaipanga kwa laki mbili na nusu, tatu, kwa sababu wanaokwenda ng'ambo wengi wanakwenda kujenga, wapangaji ni wachache. Kwa hiyo hata ukimaliza lile pagale kwa jumla ya milioni 80, kodi ya 250,000 kwa mwezi ni milioni 3 kwa mwaka, chini ya asilimia 4. Sinza inakulipa kidogo, na ng'ambo itakulipa kidogo zaidi, huku umeiacha saloni. Ardhi ya ng'ambo itapanda, mimi naamini hivyo. Lakini ardhi inayopanda hailipi ada ya Januari.

Na kuhusu maji, usikubali neno "kisima kipo". Onja. Visima vifupi vya pwani vingi ni chumvi, vitakula mabomba yako na nywele za wateja. DAWASA wameleta maji ya visima virefu vya Kisarawe II (ipo hukohuko Kigamboni, usidhani ni ile Kisarawe ya Pugu), ila waulize majirani wa mtaa ule kama bomba limefika na linatoka siku ngapi kwa wiki.

Sasa kaka yako. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nitasema ambalo rafiki zako wa saloni hawatakwambia. Kaka ana hoja. Katika ile 970,000 ya kila mwezi, fungu lako ni robo, 242,500. Iliyobaki, 727,500, ni ya watu watatu ambao hawajaiona tangu 2019. Unalala ndani, unakusanya kodi ya uani, unafanyia biashara fremu isiyo na kodi. Hata ile laki tisa ya mwezi mzuri, ukitoa kodi ya fremu ni laki saba, na mwezi mbaya ni laki tatu. Biashara yako imekuwa inabebwa na kaka, dada na mdogo wako bila ninyi wote kuliona hilo.

Kumuuguza baba ni jambo kubwa, Mungu akulipe. Lakini weka kwenye daftari kile kinachowekeka: dawa ulizonunua, bati ulilobadilisha, kodi ya ardhi uliyolipa, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Kiitishe kikao, wa mbali wawepo kwa simu, na wewe ndiye uanze kusema: "Kuanzia mwezi ujao kodi ya uani tunagawana, na mimi nalipia fremu na nyumba, tukubaliane kiasi." Utaona kaka anavyoshusha mabega. Halafu muulize, kwa upole na mbele ya mkewe kama wanaelewana, kwa nini anataka kuuza mwaka huu. Mtu mzima haamki tu na dalali. Kuna mtoto anakwenda chuo, kuna deni, kuna ugonjwa. Ukilijua hilo mtajua kama anahitaji milioni 55 au anahitaji milioni 8.

Na yeye naye ana kazi yake. Msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, alitakiwa ndani ya miezi 4 baada ya kuteuliwa apeleke mahakamani orodha ya mali za marehemu, na baadaye maelezo ya jinsi zilivyogawanywa. Je, alipeleka? Hati bado ina jina la baba? Nadhani jibu ni ndiyo, kwa sababu kwenye barua yako hujasema neno lolote kuhusu hati ya Sinza. Kabla ya kuzungumza bei na mtu, hati itoke jina la marehemu iingie jina la msimamizi, kodi ya ardhi isiwe na deni, na mlete mthamini aliyesajiliwa aandike thamani. Hiyo 260 imetoka mdomoni mwa dalali mmoja aliyeletwa na kaka yako. Mnunuzi akikuta mirathi haijafungwa anajua mna haraka na hamko sawa, anakata bei.

Msimamo wangu ni kwamba mwisho wa siku mtauza, na si dhambi. Nyumba ya wanne inayokaliwa na mmoja huwa inavunja ndugu kabla haijavunjwa na tingatinga. Lakini msiuze kwa bei hii, wala hati ikiwa ya marehemu, na wewe usiuze ili ununue pagale lile. Kuna watakaokushauri mumpe mjenzi kiwanja, awape apatimenti mbilitatu badala ya fedha. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, inawezekana. Ila ubia na mjenzi unataka ndugu wanaosemezana, na ninyi bado mmenuniana. Sikushauri.

Fedha ikipatikana kweli, na iwe imefika benki, tumia si zaidi ya nusu ya fungu lako kununua kiwanja kilichopimwa, Kibada au Kisota au hata Gezaulole, bila kuta za mtu. Nusu inayobaki ianze vyumba viwili na choo, na ilipe fremu ya Sinza kwa mwaka mmoja ili wateja wasikupotee. Na hata kabla ya hapo, likizo ya Desemba, pangeni Kibada. Wenye nyumba watataka miezi sita, tafuteni atakayekubali mitatu. Mume aende kwenye zamu zake, wewe uvuke kuja saloni kila siku. Ikifika Machi bado mnacheka, mtakuwa mmepata jibu ambalo mimi siwezi kukupa kwa barua.

Kuhusu lile pagale, kama moyo bado uko huko, nenda siku ya mvua na usimpigie dalali. Ile picha ya WhatsApp si hati. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, mtume wakili afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati aone kama kuna rehani ya benki au zuio, na ofisi ya ardhi ya manispaa wakuonyeshe mchoro, usije ukawa umenunua hifadhi ya barabara. Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa inamfanya mwenyekiti kuwa shahidi, haikufanyi mmiliki. Muuzaji akiwa na mke, au akiwa mke mwenye mume, ridhaa ya mwenzake iwe kwenye maandishi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya wanandoa, na kesi za namna hiyo huja fundi akiwa juu ya paa.

Halafu fungua tena ile picha uliyotumiwa, ikuze, usome jina la mmiliki. Ni la huyo mtu mliyekutana naye Jumapili? Niandikie.

Shangazi